Meya wa Bristol

Meya wa Bristol alikuwa kiongozi mkuu wa serikali ya jiji la Bristol, kusini-magharibi mwa Uingereza, aliyechaguliwa moja kwa moja na wapiga kura. Cheo hicho kilianzishwa kwa kura ya maoni ya tarehe 3 Mei 2012 na kufutwa kwa kura ya maoni nyingine ya tarehe 5 Mei 2022. Kilikoma rasmi Mei 2024. Katika muda huo wa takriban miaka 11 na nusu kilishikwa na watu wawili: George Ferguson (2012–2016), aliyekuwa mgombea binafsi, na Marvin Rees (2016–2024) wa Chama cha Labour.

Cheo hiki hakipaswi kuchanganywa na cha meya wa heshima wa Bristol, anayeitwa kwa jadi Lord Mayor. Huyo huchaguliwa na madiwani kila mwaka, huongoza vikao vya baraza na sherehe za jiji, wala hana mamlaka ya utendaji. Hakipaswi pia kuchanganywa na cha meya wa eneo la Magharibi ya Uingereza, anayesimamia Bristol pamoja na maeneo jirani katika mambo kama usafiri wa umma na mafunzo ya ufundi.

Historia ya Bristol hutajwa mara nyingi inapojadiliwa namna ya kujaza nafasi za uongozi wa mitaa, kwa sababu wakazi wa jiji moja waliamua jambo hilo wenyewe mara mbili ndani ya miaka 10, nao wakatoa majibu mawili tofauti.

Historia ya awali

Bristol ni mji wa bandari kwenye mto Avon. Kwa mapokeo, orodha ya mameya wake huanzia mwaka 1216. Mwaka 1373 mfalme Edward III aliupa mji hati iliyoufanya kuwa kaunti inayojitegemea.

Kwa karne nyingi wakazi wa kawaida hawakuwa na sauti katika uchaguzi wa viongozi hao. Baraza la mji lilikuwa chombo kilichojifunga: mjumbe alipofariki au kujiuzulu, waliobaki walimteua wa kujaza nafasi yake. Wengi wao walikuwa wafanyabiashara matajiri, na baadhi walipata mali yao kutokana na biashara ya watumwa kati ya Afrika Magharibi, visiwa vya Karibi na Uingereza. Chuki dhidi ya utawala huo ilikuwa mojawapo ya sababu za ghasia za Oktoba 1831, ambapo jumba la meya lililokuwa uwanja wa Queen Square lilichomwa moto. Ghasia hizo zilianza baada ya muswada wa kupanua haki ya kupiga kura kukataliwa bungeni.

Sheria ya mwaka 1835 kuhusu serikali za miji ilivunja mabaraza ya aina hiyo. Tangu hapo madiwani walichaguliwa na walipa kodi wa mji, na madiwani wakamchagua meya. Mwaka 1899 meya wa Bristol alipandishwa hadhi na kupewa jina la Lord Mayor. Kadiri miaka ilivyokwenda, cheo hicho kilibaki cha heshima tu, na kazi yenyewe ya kuendesha mji ikafanywa na kamati za madiwani: kamati ya elimu, ya nyumba, ya barabara na nyinginezo.

Mwaka 1974 Bristol iliunganishwa na kaunti mpya ya Avon na kupoteza sehemu kubwa ya madaraka yake. Avon ilipofutwa tarehe 1 Aprili 1996, halmashauri ya jiji ilirudishiwa huduma zote za serikali ya mitaa.

Sheria ya mwaka 2000

Serikali ya waziri mkuu Tony Blair iliona kwamba mfumo wa kamati ulikuwa wa polepole na kwamba wananchi hawakujua nani hasa anawajibika. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2000 iliondoa mfumo huo katika halmashauri nyingi za Uingereza na kuzitaka zichague muundo mwingine. Miundo miwili ndiyo iliyoenea:

1. Kiongozi wa halmashauri na baraza lake dogo la utendaji. Kiongozi huchaguliwa na madiwani kutoka miongoni mwao.
2. Meya na baraza lake dogo la utendaji. Meya huchaguliwa na wapiga kura wa eneo zima.

Muundo wa pili ungeweza kuanzishwa kwa kura ya maoni iliyoitishwa na halmashauri yenyewe, au kwa ombi lililotiwa saini na asilimia 5 ya wapiga kura. Mfano uliokuwa mbele ya macho ya wengi ni ule wa London, ambako Ken Livingstone alichaguliwa kuwa meya Mei 2000 akiwa mgombea binafsi. Hata hivyo miji mingi haikuvutiwa. Katika mji wa Hartlepool, mwaka 2002, wapiga kura walimchagua Stuart Drummond, kijana aliyejulikana kwa kuvaa vazi la nyani kwenye mechi za timu ya mpira ya mji huo. Wapinzani walilitumia tukio hilo kuukejeli mfumo mzima, lakini Drummond alichaguliwa tena mara mbili.

Bristol ilichukua muundo wa kwanza, wa kiongozi aliyechaguliwa na madiwani. Wakati huo uchaguzi wa madiwani ulifanyika kwa mafungu, theluthi moja kwa wakati, katika miaka mitatu kati ya minne. Mara nyingi hakuna chama kilichopata wingi wa viti, na uongozi wa jiji ulibadilika mara kadhaa kati ya Labour na Liberal Democrats. Kila mabadiliko yalipotokea, mipango ya chama kilichotangulia iliweza kusimamishwa. Hali hiyo ndiyo iliyokuwa hoja kuu ya waliotaka meya wa kuchaguliwa.

Kura ya maoni ya 2012

Sheria ya mwaka 2011 kuhusu madaraka ya mitaa iliiruhusu serikali kuu kuagiza kura za maoni katika miji mikubwa. Tarehe 3 Mei 2012 wakazi wa miji 10 waliulizwa kama wanataka meya wa kuchaguliwa: Birmingham, Bradford, Bristol, Coventry, Leeds, Manchester, Newcastle, Nottingham, Sheffield na Wakefield. Miji miwili mingine, Leicester na Liverpool, ilikuwa imeshachukua mfumo huo kwa uamuzi wa madiwani wenyewe, bila kura ya maoni.

Waliounga mkono walisema kwamba:

- meya angejulikana kwa jina na sura, hivyo wananchi wangejua wa kumpongeza na wa kumlaumu;
- muda wake wa miaka minne ungeleta utulivu;
- angekuwa na uzito zaidi mbele ya mawaziri mjini London;
- mtu asiye na chama angeweza kugombea na kushinda.

Waliopinga walisema kwamba:

- madaraka mengi mno yangewekwa mikononi mwa mtu mmoja;
- madiwani wa kata wangebaki watazamaji;
- madiwani wasingeweza kumwondoa meya mbaya kabla ya muda wake kwisha;
- serikali kuu haikueleza meya angepewa madaraka gani mapya.

Miji tisa ilikataa. Bristol peke yake ilikubali, kwa kura 41,032 dhidi ya 35,880, yaani asilimia 53 kwa 47. Waliojitokeza walikuwa asilimia 24 tu ya walioandikishwa. Ina maana kwamba badiliko hilo kubwa liliamuliwa kwa ridhaa ya takriban mtu mmoja kati ya kila wapiga kura wanane. Wapinzani waliirudia hoja hiyo mara nyingi katika miaka iliyofuata.

Madaraka

Meya wa Bristol hakuwa na madaraka yote ya jiji. Kazi ziligawanywa kati yake na baraza la madiwani.

Meya aliteua naibu wake na wajumbe wa baraza la utendaji kutoka miongoni mwa madiwani, akawagawia majukumu. Maamuzi ya utendaji, kwa mfano kuhusu nyumba za halmashauri, barabara, maegesho, maktaba na mali za jiji, yalikuwa yake, ama peke yake au pamoja na baraza hilo. Aliandaa bajeti na sera kuu.

Baraza la madiwani, ambalo tangu 2016 lina madiwani 70 kutoka kata 34, lilipitisha bajeti na sera hizo. Lakini ili kubadili bajeti ya meya pasipo ridhaa yake, madiwani walihitaji theluthi mbili ya kura. Vibali vya ujenzi na leseni viliendelea kutolewa na kamati za madiwani, wala meya hakuwa na mamlaka juu yake.

Kwa maamuzi mengine ya utendaji, hoja iliyopitishwa na madiwani ilikuwa ushauri tu. Vivyo hivyo, kura ya kutokuwa na imani na meya haikuwa na nguvu ya kisheria. Kama meya angefariki au kujiuzulu, naibu angekaimu na uchaguzi mdogo ungeitishwa.

Namna ya kupiga kura

Uchaguzi wa meya ulifanyika kwa mfumo wa kura ya nyongeza. Karatasi ya kura ilikuwa na safu mbili: mpiga kura aliweka alama kwa mgombea anayempenda zaidi katika safu ya kwanza na, akitaka, kwa mgombea wa pili katika safu nyingine. Aliyepata zaidi ya nusu ya kura za kwanza alishinda papo hapo. Kama hakupatikana, wote waliondolewa isipokuwa wawili wa juu, na kura za pili za wafuasi wa walioondolewa zikagawiwa kwa hao wawili.

Uchaguzi wa kwanza, wa Novemba 2012, ni mfano mzuri wa hesabu hiyo:

- George Ferguson: kura za kwanza 31,321, kura za pili 6,032, jumla 37,353.
- Marvin Rees: kura za kwanza 25,896, kura za pili 5,363, jumla 31,259.

Chaguzi zote tatu za meya wa Bristol zilikwenda hadi hesabu ya pili. Mfumo huu uliondolewa kwa chaguzi za mameya nchini Uingereza kwa sheria ya uchaguzi ya mwaka 2022, ikabaki kanuni kwamba mwenye kura nyingi zaidi ndiye mshindi, hata akiwa chini ya nusu. Bristol haikuwahi kumchagua meya wa jiji kwa kanuni hiyo mpya.

George Ferguson (2012–2016)

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika tarehe 15 Novemba 2012 na ulikuwa na wagombea 15. Waliojitokeza walikuwa karibu asilimia 28. Mshindi, George Ferguson, alizaliwa mwaka 1947. Ni msanifu majengo aliyewahi kuwa rais wa taasisi ya kifalme ya wasanifu wa Uingereza, na alijulikana mjini kwa suruali zake nyekundu na kwa kuligeuza jengo la zamani la kiwanda cha tumbaku kuwa ukumbi wa maonyesho. Katika miaka ya 1970 alikuwa diwani wa chama cha Liberal, lakini safari hii aligombea bila chama.

Kwa kuwa hakuwa na diwani hata mmoja wa kwake, Ferguson aliwaalika madiwani wa vyama vyote katika baraza lake la utendaji. Uongozi wa kitaifa wa Labour uliwazuia kwanza madiwani wa chama hicho wasijiunge, lakini baadaye walijiunga.

Ferguson alipokea mshahara wake kwa pauni za Bristol, sarafu ya mji iliyoanzishwa mwaka huohuo wa 2012 ili kuwasaidia wafanyabiashara wadogo. Wakati wake Bristol ilikuwa Mji Mkuu wa Kijani wa Ulaya kwa mwaka 2015. Jambo lililomletea upinzani mkubwa ni maeneo ya maegesho ya wakazi, ambamo wenye magari walitakiwa kununua vibali. Mwaka 2014 waandamanaji walifika kulipinga wakiwa na kifaru cha zamani cha kijeshi. Waliomuunga mkono walisema huo ndio ujasiri ambao viongozi waliotegemea kura za madiwani wenzao hawakuweza kuuonyesha. Waliompinga walisema ni ushahidi kwamba meya hawasikilizi watu wa kata.

Marvin Rees (2016–2024)

Mei 2016 Ferguson aligombea tena akashindwa na Marvin Rees kwa kura 68,750 dhidi ya 39,577. Siku hiyohiyo madiwani wote walichaguliwa kwa mara moja, si kwa mafungu tena, na Labour ilipata viti 37 kati ya 70. Waliopiga kura ya meya walikuwa karibu asilimia 45, idadi kubwa kupita ya 2012.

Rees alizaliwa Bristol mwaka 1972 kwa baba Mjamaika na mama Mwingereza mzungu, akakulia katika mitaa ya watu wa kipato cha chini. Alifanya kazi ya uandishi wa habari na katika huduma ya afya ya taifa. Hutajwa kuwa mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika na Karibi kuchaguliwa moja kwa moja na wananchi kuwa meya wa jiji kubwa la Ulaya. Katika jiji lililotajirika kwa biashara ya watumwa, jambo hilo lilikuwa na maana ya pekee.

Tarehe 7 Juni 2020, waandamanaji waliopinga ubaguzi wa rangi waliiangusha sanamu ya Edward Colston, mfanyabiashara wa watumwa wa karne ya 17, na kuitupa katika maji ya bandari. Sanamu hiyo ilikuwa imesimama katikati ya jiji tangu 1895. Rees alieleza kwamba kama meya hawezi kuunga mkono uharibifu wa mali, lakini kama mtu mwenye asili ya Jamaika aliiona sanamu hiyo kuwa tusi. Halmashauri iliitoa majini siku chache baadaye, na baadaye ikaonyeshwa katika jumba la makumbusho.

Mambo mengine ya kipindi chake ni ujenzi wa nyumba, mpango wa pamoja wa jiji hadi mwaka 2050 uliotolewa mwaka 2019, na eneo la hewa safi lililoanza Novemba 2022, ambamo magari yenye moshi mwingi hutozwa ada yanapoingia katikati ya jiji.

Uchaguzi uliopangwa kufanyika 2020 uliahirishwa kwa mwaka mmoja kutokana na janga la UVIKO-19. Mei 2021 Rees alishinda tena, akimzidi mgombea wa Chama cha Kijani, Sandy Hore-Ruthven, katika hesabu ya pili. Lakini katika baraza Labour ilipoteza wingi wake: Labour na Kijani walipata viti 24 kila kimoja, Wahafidhina 14 na Liberal Democrats 8. Tangu hapo meya alitoka chama chenye theluthi moja tu ya madiwani.

Mgogoro wa ukumbi mkubwa

Jambo lililoonyesha wazi mpaka kati ya meya na madiwani ni suala la ukumbi mkubwa wa michezo na muziki. Ferguson alikuwa amepanga ujengwe karibu na kituo kikuu cha reli cha Temple Meads. Rees alitilia shaka gharama zake. Mwanzoni mwa Septemba 2018 baraza la madiwani lilifanya kikao maalumu, na wengi wakaunga mkono ukumbi ujengwe pale karibu na kituo. Hoja hiyo, kama ilivyoelezwa juu, ilikuwa ushauri tu. Siku hizohizo Rees aliamua kuusimamisha mradi na kukitumia kiwanja kwa shughuli nyingine, huku kampuni ya Malaysia ikipanga kujenga ukumbi kwenye banda la zamani la ndege huko Filton, nje kidogo ya katikati ya jiji.

Kwa upande wa meya, uamuzi huo ulikuwa kulinda fedha za wananchi zisiingie katika mradi wenye hatari wakati mwekezaji binafsi yupo. Kwa madiwani wengi ulikuwa ushahidi kwamba watu 70 waliochaguliwa na kata zote za jiji hawana nguvu mbele ya mtu mmoja.

Mjadala wa baraza na kura ya maoni ya 2022

Sheria ya mwaka 2011, ileile iliyowezesha kura ya 2012, ilikuwa pia imezirudishia halmashauri ruhusa ya kutumia mfumo wa kamati. Desemba 2021 Liberal Democrats waliwasilisha hoja katika baraza la madiwani ya kuitisha kura nyingine ya maoni. Kijani na Wahafidhina waliiunga mkono; Labour ilipinga. Hoja ilipita, na safari hii ilikuwa na nguvu ya kisheria.

Wapiga kura waliulizwa kama jiji liendelee kuongozwa na meya au liongozwe na kamati za madiwani. Muundo wa kiongozi na baraza dogo, uliotumika kabla ya 2012, haukuwa miongoni mwa majibu.

Hoja za pande mbili zilifanana na zile za 2012, ila sasa zilikuwa na mifano. Watetezi wa meya walisema kwamba mfumo huo ulimwezesha kijana mweusi kutoka mtaa wa maskini kufika kileleni kwa kura za jiji zima, na kwamba kamati zingerudisha maamuzi nyuma ya pazia, yakifanywa na watu wasiojulikana. Watetezi wa kamati walisema kwamba kila diwani, wa chama chochote, angekuwa na kiti na kura katika maamuzi, na kwamba kata ambayo haikumpigia meya kura isingesahauliwa.

Tarehe 5 Mei 2022 kura 56,113 (asilimia 59) zilitaka kamati na 38,439 (asilimia 41) zilitaka meya aendelee. Waliojitokeza walikuwa chini kidogo ya asilimia 29. Rees, aliyekuwa ameshatangaza kwamba hatagombea tena, aliendelea na kazi hadi mwisho wa muda wake.

Maandalizi ya mfumo mpya

Kura ya maoni iliamua aina ya mfumo, lakini haikusema kamati ziwe ngapi wala nani aziongoze. Kwa karibu miaka miwili kikosi kazi cha madiwani wa vyama vyote kilijadili maswali hayo: ni mambo gani yaamuliwe na kamati na yapi na baraza zima, watumishi wa halmashauri waachiwe maamuzi gani, na ifanyike nini panapohitajika uamuzi wa haraka.

Matokeo yake yalikuwa kamati nane za sera, zikihusu mambo kama huduma kwa watoto, huduma kwa watu wazima, nyumba, usafiri, mazingira, uchumi, afya ya jamii, na mikakati pamoja na fedha. Viti katika kila kamati hugawanywa kwa uwiano wa viti vya vyama barazani, kama sheria inavyotaka. Kiongozi wa halmashauri huchaguliwa na madiwani. Yeye huongoza kamati ya mikakati na fedha na kulisemea jiji, lakini hawezi kuamua peke yake kama meya alivyoweza.

Uchaguzi wa tarehe 2 Mei 2024 ulikuwa wa kwanza chini ya mpango huo. Kijani kilipata viti 34, Labour 21, Liberal Democrats 8 na Wahafidhina 7. Hivyo hakuna chama kilichofikia viti 36 vinavyohitajika kwa wingi. Tony Dyer wa Chama cha Kijani alichaguliwa na madiwani kuwa kiongozi wa halmashauri.

Julai 2025 serikali kuu iliwasilisha bungeni muswada wenye lengo la kuzirudisha halmashauri nyingi za kamati kwenye muundo wa kiongozi na baraza dogo la utendaji, ikieleza kwamba kamati huchelewesha maamuzi.

Miji mingine ya Uingereza

Bristol haikuwa peke yake kuacha mfumo wa meya. Stoke-on-Trent iliufuta mwaka 2009, Hartlepool mwaka 2013, Torbay mwaka 2019 na Liverpool mwaka 2023. Kwa upande mwingine Doncaster iliamua kuendelea nao katika kura ya maoni ya 2012, na Leicester na Salford bado wana mameya wa jiji. Tangu 2017 wameongezeka mameya wa maeneo makubwa yanayounganisha halmashauri kadhaa, kama Manchester Kuu, ambako Andy Burnham alichaguliwa mwaka huo.

Ulinganisho na Afrika Mashariki

Mabaraza ya miji ya Afrika Mashariki yaliundwa wakati wa ukoloni kwa mfano wa Uingereza, yakiwa na madiwani, kamati za kudumu na meya anayechaguliwa na madiwani. Hata jina la heshima la Mstahiki Meya linatokana na desturi hiyo. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mshairi maarufu wa Kiswahili aliyekuwa Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam, alipata cheo hicho kwa njia hiyo.

Tanzania bara imeendelea na utaratibu huo: wananchi humchagua diwani wa kata, na madiwani humchagua meya kutoka miongoni mwao, huku mkurugenzi wa jiji akiteuliwa na Rais. Kenya ilichukua njia nyingine. Chini ya Katiba ya 2010, na kuanzia uchaguzi wa Machi 2013, wapiga kura wa kila kaunti humchagua gavana moja kwa moja. Kwa hiyo gavana wa Nairobi anafanana zaidi na meya wa Bristol wa 2012–2024, na meya wa Dar es Salaam anafanana zaidi na viongozi wa Bristol wa kabla na baada yake. Tofauti kubwa ni kwamba gavana wa Kenya anaweza kuondolewa kabla ya muda wake kwa hoja ya bunge la kaunti ikithibitishwa na Seneti, jambo ambalo madiwani wa Bristol hawakuweza kumfanyia meya wao.

Orodha ya mameya

- George Ferguson (mgombea binafsi): Novemba 2012 – Mei 2016
- Marvin Rees (Labour): Mei 2016 – Mei 2024

Tazama pia

- Bristol
- Serikali za mitaa
- Diwani
- Kura ya maoni
- Meya wa London